Mkono wa Bibi na Wari ya Dukani

Wanaotengeneza kitabu chetu cha mwaka waliniomba niandike khabari za mavazi ya wazee wetu, Unguja na huku Oman. Juu ya mavazi wengine wamekwisha kuandika, na picha wanazo nzuri kuliko zangu. Mimi nimependa kuandika juu ya jambo linalotangulia kila mshono: kitambaa kiasi gani, na nani kakipima. Hesabu hii mabibi zetu waliifanya kila inapokaribia Idi na kila ikitokea arusi, na aghlabu hapana aliyeiandika, kwani ilikuwa mikononi mwao, na nasema mikononi kwa maana yake khasa.

Nina sababu yangu pia. Nyumbani kwetu Ibra, mwaka 1975, kitambaa cha arusi kilipungua. Maneno yaliyosemwa siku zile yakamwandama shangazi yangu mpaka amekuwa bibi wa wajukuu. Vijana wetu wengi wameyasikia nusu nusu, tena kwa kicheko. Mwaka jana niliyatazama upya, tepu mkononi na kalamu, na niliyoyaona nataka jamaa wote wayasome mahali pamoja, asiwepo wa kusema kaambiwa hivi na mwenziwe kaambiwa vile.

Tuanze na mkono. Mkono, ambao Waarabu wanauita dhiraa, ni tangu kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati. Huo ndio mkono kamili. Uko na mkono konde, unaoishia kwenye ngumi iliyofumbwa, nao ni mfupi, na mnunuzi asiyeangalia huweza kupimiwa konde huku analipia kamili. Nusu ya mkono ni shibiri, gumba na kidole cha mwisho vikitanuliwa. Ndogo kuliko shibiri ni futuri, gumba na kidole cha shahada. Mikono 2 ni wari. Mikono 4 ni pima, yaani mtu akinyoosha mikono yake yote miwili, ncha kwa ncha. Kitambaa cha mikono 4 wazee wakikiita shuka, na shuka 2 ni doti. Jora la merikani lilikuwa aghlabu wari 30, kwa hivyo jora moja ni mikono 60, au shuka 15, au doti 7 na nusu. Mabibi zetu walizijua hesabu hizi kabla ya kujua kuandika majina yao, na wengine hawakupata kujua kuandika kabisa.

Sasa wari ya dukani ni inchi 36, na tangu mwaka 1959 imekubaliwa baina ya nchi zinazotumia kipimo hicho kuwa mita 0.9144 kamili. Ukiigawa mara mbili, mkono wa dukani ni inchi 18, kadiri ya sentimita 46. Lakini mkono wa mtu ni wa mtu, na Mwenyezi Mungu hakutuumba sote sawa. Mtu mrefu pima yake ndefu, mfupi pima yake fupi. Kwa anayejishonea mwenyewe hiki ni kipimo kizuri mno, kwa sababu kitambaa kinamfuata mwili wake. Taabu inaanza pale anapopima mmoja na kukata mwingine.

Taabu hiyo ni kongwe kuliko sisi. Mwaka 1833 Sayyid Said bin Sultan alifunga mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 akafika Unguja balozi wao wa kwanza, Richard Waters, mtu wa Salem. Nguo ya pamba isiyopaushwa iliyoletwa na merikebu za huko ndiyo iliyopata jina la merikani. Jahazi ya Sayyid, Sultana, ilipokwenda New York mwaka 1840 chini ya Ahmad bin Naaman, katika shehena ya kurudi yalikuwemo marobota ya nguo hiyo. Vilipokuja vita vya wenyewe kwa wenyewe huko Marekani, 1861 hadi 1865, pamba ikaadimika, na nguo za Uingereza na za viwanda vya Bombay zikajaza pengo. Jina halikubadilika. Bibi yangu aliita merikani nguo iliyofumwa Bombay, na sijui kama angeamini ningemwambia jina limetoka wapi.

Nguo hiyo haikuwa ya kuvaa tu. Bara, tangu Bagamoyo mpaka Tabora na Ujiji, shuka na doti zilikuwa fedha. Wapagazi walilipwa kwa nguo, hongo za machifu zilitolewa kwa nguo, chakula kilinunuliwa kwa nguo, na pembe vilevile. Watu pia walinunuliwa kwa nguo, na wanaotokana na wafanya biashara wale hatuna haki ya kuliruka neno hilo. Mwingereza Burton alipofika Kazeh mwaka 1857 alipokewa na Snay bin Amir, Harithi, ambaye alianza maisha yake kwa kutengeneza vitamutamu Maskat na akaishia kuwa tajiri mkubwa wa bara. Burton akaandika orodha ndefu ya nguo za misafara na vipimo vyake: shuka mikono 4, doti mikono 8. Msomaji atajiuliza mikono ya nani. Ndilo suali lililokuwa likiulizwa kila soko, kwani anayelipwa alitaka apime mtu mrefu, na anayelipa alitaka apime mfupi.

Katika orodha ile ile Burton anaitaja sohari, nguo ya mraba-mraba ya buluu na nyeupe iliyotoka upande wa Maskat. Naitaja kwa sababu vijana wetu hudhani kwamba nguo zilikwenda Afrika kutoka Ulaya na Marekani tu. Oman ilikuwa na wafumaji wake. Sur ilijulikana kwa nguo zake za pamba na hariri zenye milia, za kuvaa kiunoni na za kujitanda, nazo zilipakiwa katika majahazi yale yale yaliyokwenda Unguja na kaskazi na kurudi na kusi. Upande wa Nizwa na Bahla kazi kubwa ilikuwa nili. Nguo ilichovywa na kuchovywa tena, kisha ikapigwa kwa nyundo za mti mpaka ikang'aa, na aliyeivaa alibaki na buluu mwilini. Wafumaji hao walikaa mbele ya shimo, miguu ndani, na upana wa nguo ulikuwa ule tu ambao mikono ya mfumaji inaweza kurusha uzi kutoka upande mmoja hadi wa pili. Kwa hivyo nguo ya kiunoni ilikuwa vipande viwili vimeunganishwa katikati. Aliyeagiza nguo ya mikono 4 alifumiwa mikono 8. Upana unaamua urefu, na hili ndilo fundi yeyote atakalokwambia kwanza.

Nalirefusha kidogo, kwa kuwa wengi wetu bado tunanunua kwa kukisia. Kanzu ya mume ya zamani ina badani, mbele na nyuma, ina mikono, ina taharizi, vile vipande vya pembeni vinavyoipa nafasi chini, ina vikwapa, kaba ya shingoni na sijafu. Ukiwa na kitambaa cha upana wa wari 1, unapima begani mpaka kifundo cha mguu, unazidisha mara 2, unaongeza urefu wa mkono mmoja wa kanzu, kwani mikono miwili hutoka bega kwa bega katika upana, kisha unaongeza taharizi. Kwa mtu wa kimo cha kati inakuja kadiri ya wari 5. Kanzu ya kike ya siku zile, fupi kidogo na mikono isiyofika mbali, ilikuwa wari 4. Leo kitambaa cha dishdasha kina upana wa mita 1 na nusu, na mikono na taharizi hupatikana ubavuni mwa badani, basi mita 3, au 3 na robo, zinatosha. Asiyejua upana hununua mara mbili au hununua nusu. Na nguo ya pamba iloweshwe kwanza kabla ya kukatwa. Nimeona kanzu mpya ya Idi ikifuliwa mara moja na kupanda juu ya vifundo.

Kanga haina shida hii, ndiyo maana kila mtu anaipenda. Inakuja imekwisha kupimwa, kadiri ya mita 1 na nusu kwa mita 1 na sentimita 10, pindo pande zote nne, mbili kwa mbili. Neno doti limebaki humo, ingawa doti ya kanga haifiki wari 4 za wazee. Na lile jina jengine, leso, limevuka bahari: huku Sharqiyah mabibi wasiopata kuiona Afrika wanaita kitambaa chao cha kichwani leisu.

Nirudi nyumbani. Baada ya mapinduzi ya Unguja ya Januari 12, 1964, jamaa zetu walitawanyika. Wengine Dubai, wengine Kuwait na Cairo, wengine Uingereza. Oman yenyewe haikuwa rahisi kuingia mpaka Julai 23, 1970, aliposhika utawala Sultan Qaboos na kuwaita waliokuwa nje. Bibi yangu alifika Ibra mwaka 1972, mji ambao babu yake alizaliwa na yeye alikuwa hajauona. Alikuja na kasha moja la njumu, cherehani cha mkono cha Singer, na daftari aliloandika mwenyewe, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Vitu vingi vilikuwa vigeni kwake, baridi ya usiku, maji ya falaj, Kiarabu cha majirani ambacho kilimwendea mbio. Lakini kupima nguo hakukumshinda. Dukani watu walisema dhiraa, na yeye alijua dhiraa ni mkono, akanyoosha wake.

Na huo wake ulikuwa mfupi, kwani Bibi alikuwa mwanamke mdogo. Sisi watoto hatukulijua hilo. Machoni petu alikuwa mkubwa kuliko nyumba.

Mwaka 1975 akaolewa binti wa ami yangu, anakwenda Sur. Wanawake sita wa nyumbani washone sare. Ami alileta kutoka Matrah jora moja, wari 30, upana wari 1, rangi ya zambarau yenye maua madogo. Hesabu ilifanywa usiku, mimi nimekaa karibu na taa. Bibi akasema, kanzu moja mikono 8, kanzu sita mikono 48. Shangazi yangu, ambaye ndiye mshoni wetu na aliyefundishwa kwa tepu na fundi wa Darajani, akasema kanzu moja wari 4, kanzu sita wari 24. Wakatazamana wakaafikiana. Mikono 48, wari 24, jambo moja. Zitabaki wari 6, nazo jirani yetu, bibi wa Kiarabu wa Ibra, alikuwa amekwisha kuziomba na fedha yake ametoa.

Asubuhi Bibi akalifungua jora juu ya mkeka, akapima mwenyewe mikono 48, akakata, na baki akaipeleka kwa jirani bila ya kuipima. Daftarini akaandika: jora 1, sare 6, mikono 48, baki ya jirani.

Shangazi akakata kanzu tano. Ya sita ilikuwa ya mama yangu. Kilichobaki kilitoa badani na zaidi kidogo. Mikono hakuna, taharizi hakuna. Alipopigia hesabu alichopokea kikawa wari 22. Akamwambia Bibi, "Mama, kipande ulichonipa ni wari 22." Bibi akajibu, "Mimi nimepima mikono 48 kwa mkono wangu huu, na mkono wangu haujapata kunidanganya."

Hapana ugomvi uliotokea siku ile. Ingekuwa bora ungetokea. Shangazi alikuwa ameolewa Nizwa mwaka uliopita, na mtu mmoja, simtaji na amekwisha kufariki, akasema chini ya sauti kwamba wari 2 zimekwenda kuvaliwa Nizwa. Neno likazunguka. Sote tulikuwa tumesoma chuoni Sura ya Mutaffifin, juu ya wanaopunja vipimo, na tulijua uzito wa kushukiwa hivyo. Mama yangu alikwenda arusini Sur kwa kanzu yake ya zamani ya buluu, katikati ya wenziwe watano wa zambarau, na katika picha anaonekana hivyo mpaka leo. Mama hakusema kitu. Bibi naye hakumtuhumu mwanawe kwa kinywa, lakini tangu siku ile hakumpa tena kitambaa akate. Alimpelekea fundi wa Kihindi sokoni. Bibi alifariki mwaka 1991. Shangazi alimwosha kwa mikono yake, na sanda ikapimwa kwa dhiraa, kama tunavyoipima mpaka leo, vipande vitano vya mwanamke. Aliipima mwengine.

Mwaka jana nililifungua kasha la Bibi kutafuta nguo za kupigwa picha kwa ajili ya kitabu hiki. Chini kabisa, ndani ya foronya, nikakuta kipande cha bafta nyeupe, hakijafuliwa wala kukatwa, na karatasi imechomekwa kwa pini: mikono 10. Ni mwandiko wake. Nikacheka peke yangu, kisha kicheko kikanikauka. Nikachukua tepu. Inchi 165, yaani mita 4 na sentimita 19. Ukigawa kwa 10, mkono wa Bibi ni inchi 16 na nusu.

Sikuridhika na kipande kimoja. Daftarini ameandika pazia la chumba cha juu, mikono 5, na pazia hilo liko. Lilikuja inchi 80 na kitu, kidogo chini ya hesabu, lakini pazia limefuliwa mara nyingi, na nguo ya pamba hurudi, basi sikulitia katika ushahidi. Nikafanya hesabu ambayo ingeweza kufanywa na mtoto wa darasa la tano mwaka ule ule 1975, laiti angekuwepo aliyefikiri kupima mkono badala ya kupima nguo. Mikono 48, kila mmoja inchi 16 na nusu, ni inchi 792. Wari 1 ni inchi 36. Inchi 792 ni wari 22 kamili.

Nilirudia mara tatu. Wari 22. Bibi alipima mikono 48 kweli. Shangazi alipokea wari 22 kweli. Miaka yote ya Unguja Bibi alishona kanzu kwa mikono 8 yake na zikatosha, kwa kuwa mkono uliopima ndio uliokata, na taharizi zake zilikuwa nyembamba, kama alivyopenda. Shangazi alikata kwa tepu, taharizi pana za fundi wa mjini, na kanzu yake ilitaka wari 4 zake zote.

Zikabaki wari 2. Nguo haipotei. Kama jora lilikuwa wari 30, na Bibi alikata 22, basi baki haikuwa 6, ilikuwa 8, na ilikwenda kwa jirani.

Jirani yetu yu hai. Nilimwendea siku ya Jumatano, anaporudi kutoka soko la wanawake la Ibra, ambalo halikosi japo macho yake hayaoni vizuri. Nikamuuliza kama anaikumbuka nguo ya zambarau ya mwaka wa arusi ya Sur. Anaikumbuka. Alitaka kanzu moja na suruali moja, wari 6, na alipokata akaona zimebaki wari 2, akamshonea na binti yake suruali. Alidhani Bibi amemzidishia kwa ujirani. "Nikampelekea halwa," akaniambia.

Halwa ile naikumbuka mimi. Ilikuja sahani nzima, ya zafarani, na sisi watoto tuliimaliza kabla ya magharibi bila ya kuuliza imekuja kwa sababu gani. Bibi alisema watu wa Ibra ni wakarimu.

Siku ya pili nikaenda Nizwa, nimechukua daftari, kipande cha bafta na karatasi ya hesabu. Shangazi nilimkuta barazani anachambua mchele. Nikamwamkia, nikambusu mkono, nikakaa chini nikamweleza tangu mwanzo, kama nilivyokuelezeni nyinyi. Hakunikatiza. Nilipofika kwenye inchi 792 akaniomba karatasi, akavaa miwani, akagawa mwenyewe kwa kalamu yangu pembezoni mwa karatasi. Kisha akaniuliza tepu iko wapi. Akaweka kiwiko juu ya meza, akanyoosha vidole, akaniambia nimpime. Mkono wake ni inchi 18 na nusu robo. Shangazi ni mrefu, amemfuata babu. Laiti angepima yeye kwa mkono, jora lingegawika sawa na jirani angepata wari zake 6 kasoro kidogo.

"Mimi nilimwambia wari 22," akasema.

Nikamjibu, "Ulisema kweli, Shangazi."

"Na yeye alisema kweli."

Akanyamaza kwa muda. Akauliza kama mama yangu ameambiwa, nikamwambia bado, nimeanza kwake. Akasema nimpeleke leo hii hii. Kisha akakivuta kile kipande cha bafta, akakitoa pini na kuitia karatasi ndani ya daftari, akakikunjua kidogo na kukiangalia kwenye mwanga. Akaniuliza ni wari ngapi. Wari 4 na inchi 21. Akaniuliza kimo cha mama yangu siku hizi, kwani wazee hupungua. Akapiga hesabu kwa midomo bila ya sauti, halafu akasema inatosha kanzu moja, taharizi pana, na itabaki foronya. Akaita aletewe beseni la maji, kiloweshwe kwanza.